Mbwa wa Gulioni

Juzi nilikwenda Kimwani kumsalimia mama mdogo, na kabla sijamaliza kushuka kwenye gari nikawaona mbwa. Walikuwa wamelazwa mtaroni kando ya gulio, wa rangi zote, ndimi nje, nzi wameshawahi. Vijana wawili watatu walikuwa bombani wanaosha marungu yao huku wanataniana kama watu waliotoka kuvuna. Mmoja akaniona nimesimama, akadhani nimeogopa. "Pita tu mama," akaniambia, "hawa wameisha." Nikapita. Jibu langu lingekuwa refu na mwisho wake ningemtukana. Mbwa wa gulio la Kimwani hawajawahi kuisha. Walikuwa wanaishaisha hivyo hivyo tangu mimi nina meno ya utoto.

Wewe umezoea kuniona hapa Kashai na duka langu la vitenge, unadhani nimezaliwa kwenye lami. Mimi nimelelewa na bibi, mama yake mama, huko Kimwani, mpaka nikamaliza shule ya msingi. Wazazi walikuwa wamepanga chumba kimoja mjini na sisi watoto tulikuwa tumejaa, kwa hiyo mmoja akapunguzwa, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Sikulia. Kwa bibi kulikuwa na nafasi ya kukimbia. Nyumba ilikaa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka mpaka mlangoni, mibuni chini yake, na asubuhi ukiamka unasikia maji ya umande yanadondoka kutoka jani hadi jani kana kwamba mvua imesahau kuacha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia uani. Ya pili kumenya ndizi pamoja na mama mdogo, mzaliwa wa mwisho wa bibi, ambaye wakati huo alikuwa msichana mkubwa, ameshachumbiwa, anacheka kwa sauti ambayo bibi alisema haimfai mchumba wa watu. Tulipika ndizi na maharage katika chungu kimoja, tukifunika kwa majani, na ule mchuzi wa maharage uliobaki chini ulikuwa wa Watasema.

Watasema alikuwa mbwa wa bibi. Kwetu mtu akimpa mbwa jina, anampelekea jirani salamu. Jirani yetu wa juu, mwalimu wa shule, alikuwa amemcheka bibi kwa kufuga mbwa jike. Mwenye akili hufuga dume, alisema. Bibi akamtazama, akamtazama mbwa, akampa jina pale pale. Tangu siku hiyo kila jioni, kwa sauti ya kufika juu kwa mwalimu, bibi aliita: "Watasema! Watasema, njoo ule!" Mama mdogo alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Lakini mwalimu hakuwa peke yake. Kijiji kizima kilitaka madume, na wachache waliokuwa na majike hawakujisifu. Jike linaleta kelele, linaleta madume ya watu kibanjani, linakanyagisha maharage, halafu linazaa. Dume halizai. Hivyo ndivyo watu wazima walivyosema, na mwalimu akiwemo, yeye aliyetufundisha sayansi darasani kwamba kila kiumbe kina baba na mama. Dume lake lilikuwa kubwa, la kahawia, kifua cheupe. Watasema akizaa, nusu ya watoto walitoka na kifua cheupe, na mwalimu akipita aliwaangalia vizuri kabisa, akamwambia bibi, "Mama, mbwa wako amezaa tena."

Sasa kulikuwa na utaratibu, na nataka uuelewe, kwa sababu mambo yote yametoka hapo. Mbwa akizaa, wenye haja walikuja kuchagua watoto kabla hawajafumbua macho. Ulikuja na uzi wa mgomba mkavu, ukamgeuza mtoto wa mbwa, ukahakikisha ni dume, ukamfunga ule uzi shingoni kwa fundo lako. Basi, huyo ana mwenyewe, atakaa kwa mama yake mpaka ale ugali, halafu utakuja kumchukua. Sisi watoto tulikuwa tunajua mafundo ya watu wote. Wale waliofumbua macho bila uzi shingoni, karibu wote majike, hawakuwa wa mtu. Wakishaanza kutembea waliingizwa kwenye gunia, na Jumatano ya gulio likabebwa kichwani kama mzigo mwingine wowote, pamoja na ndizi na buni, na likafunguliwa nyuma ya mabanda ya nyama.

Hakuna aliyeita jambo hilo kutupa. Tuliita kuwapeleka. "Sokoni kuna mifupa," bibi alisema, na kila mwenye gunia alisema hivyo hivyo. Kumuua mtoto wa mbwa ilikuwa mkosi na dhambi, hata mchungaji alilikemea. Kumpeleka sokoni ilikuwa huruma. Mimi mwenyewe nimetembea nyuma ya bibi nikisikia gunia linalia kichwani mwake, naye anaamkia watu njiani, anauliza habari za wagonjwa, anacheka.

Kumbuka na hili moja, kwa sababu utalihitaji. Katika uzao mmoja kulikuwa na jike la kahawia, kifua cheupe, ambalo bibi alilimwagia mchuzi wa maharage wa moto kwa bahati mbaya akiwa anaepua chungu. Lililia mpaka likakauka sauti. Bibi alilipaka samli kwa wiki nzima na akazungumza nalo kama mtoto wa mtu, lakini nywele za mgongoni hazikuota tena, pakabaki baka kama kiganja. Nalo halikuwa na uzi. Nalo likaenda sokoni.

Mifupa sokoni ilikuwepo, ni kweli, ila haikutosha. Gulio ni siku moja na njaa ni kila siku. Mabanda ya nyama yalichinja ng'ombe mmoja, siku nyingine hakuna, na wale wanyama walikuwa wameshakuwa wengi, wanazaa wenyewe nyuma ya mabanda bila kumngoja mtu. Walianza na kuku. Wakaja kwa wanawake waliobeba dagaa, wanawafuata kimya kimya mpaka njia panda, halafu mmoja anarukia beseni. Halafu wakapanda kwa mwalimu. Tulisikia asubuhi, wakati wa kwenda shule, mbuzi wanalia kwa namna ambayo mbuzi hawalii. Tulipofika mbuzi wake mwenye mimba alikuwa bado amesimama, na matumbo yake yako chini, na mbwa wawili wanayavuta huku na huku, naye anatutazama sisi. Mwalimu alitoka na jembe akampasua mbwa mmoja kichwa. Yule mwingine hakukimbia hata. Aliendelea kula mpaka jembe likamfikia na yeye. Siku hiyo hatukufundishwa kitu, na mimi kwa miezi sikula nyama ya mbuzi.

Baada ya hapo ilikuwa vita. Walichomwa mikuki, walimwagiwa maji ya moto kwenye migahawa, watoto wa shule tukabeba mawe mifukoni. Kila mtu aliwachukia mbwa wa gulioni kwa moyo wote, na kila mtu, mbwa wake wa nyumbani akizaa au wa jirani akizalishwa na dume lake, alitafuta gunia.

Mama mdogo aliumwa na mbwa siku ya gulio, mchana kweupe. Alikuwa anarudi na nyama ya kumpikia mchumba wake ambaye angekuja na wazee wake. Mimi nilikuwa nyuma yake na chupa ya mafuta ya taa. Walitoka kwenye majani ya kando, watatu, na wawili waliridhika na nyama. Wa tatu alimshika mama mdogo shavu la mguu na hakuachia. Mama mdogo alimpiga na beseni, akampiga na ngumi, akaanguka, naye anang'ang'ania anatikisa kichwa kama anavyotikisa mbwa anayeua panya. Nilimvunjia yule mbwa chupa kichwani. Alipogeuka kukimbia, mafuta yanamchuruzika, nikaona baka mgongoni, kama kiganja. Mama mdogo naye aliliona. Tulitazamana palepale chini, damu inaingia mchangani.

Bibi aliuosha ule mguu kwa sabuni na maji mengi mpaka mama mdogo akapiga kelele za kutaka kumpiga mama yake. Zahanati wakauosha tena, wakampa sindano ya pepopunda, ila sindano za kichaa cha mbwa zilikuwa zimekwisha. Muleba zimekwisha. Baba alizunguka Bukoba nzima akaleta jibu kwamba zinasubiriwa kutoka Mwanza, na hakuna ajuaye lini. Bwana mifugo, kijana mpole mwenye pikipiki isiyo na taa, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda akatueleza. Mbwa mwenye kichaa hakai. Akishauma, hamalizi wiki mbili kabla hajafa mwenyewe. "Kwa hiyo mama, msimuue yule mbwa," alisema. "Mkamateni, mfungeni, mpeni maji na chakula, mtazameni. Zikipita Jumapili mbili yuko hai, na binti ni mzima. Nitajua hivyo bila wasiwasi. Lakini akifa, au akipotea, basi hatujui kitu. Tutaomba Mungu sindano ziwahi." Halafu akauliza, "Mnamjua ni mbwa gani?"

Bibi alisema hapana.

Nilikuwa nimeshamwambia ni yule mwenye baka. Mama mdogo alikuwa amemwambia. Bibi alisema hapana, akainuka akaenda kuangalia buni iliyoanikwa juani.

Usimhukumu haraka. Siku ya pili yake mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, na hapo ndipo utakapoelewa. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Mwenyekiti alisema mbwa wa gulioni watauawa wote Jumamosi, wanaume waje na marungu. Akaongeza kwamba kuna binti ameumwa na serikali imeshauri aliyemuuma afungwe, basi mwenye mbwa huyo amtambue kabla ya Jumamosi. Kabla hajamaliza, mwalimu akasimama. Akasema, na anamshukuru mwenyekiti, mwenye mbwa akijulikana itakuwa vizuri sana, kwa sababu yeye ana mbuzi wanne wa kudai, na fulani ana kuku, na fulani ana mtoto mwenye kovu la shavuni. Atakayesema mbwa mmoja wa gulioni ni wake atakuwa amesema wote ni wake. Watu wakaitikia. Mwenyekiti akauliza, "Haya. Mbwa hawa ni wa nani?"

Palikuwa kimya mpaka ukasikia kengele za ng'ombe mtoni. Niliangalia zile nyuso. Nilijua magunia yao. Nilijua mafundo yao. Mama mdogo alikuwa amekaa karibu yangu mguu umefungwa kanga, anamtazama mama yake kisogoni, na bibi anatazama nyasi. Mpaka leo hakuna kitu kimeniumiza kama kimya cha siku ile, kwa sababu nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba bibi anapima, ng'ombe wake mmoja na ndama na kahawa ya msimu upande huu, na binti yake upande ule, na kwamba anaendelea kupima.

Nyumbani mama mdogo hakumlaumu. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alichota maji akayanywa mbele ya bibi, kikombe kizima, taratibu, akaweka kikombe chini. Sote tulijua mwenye kichaa huyaogopa maji. Wanawake wa kijiji nao wakaanza kuja kumjulia hali, kila mmoja na uji wake au togwa yake, na wote walikuwa na neno moja, "Kunywa, mwana wange, kunywa," huku wanamkodolea macho kooni. Akimeza, walishusha pumzi, na nadhani wengine walisikitika kidogo. Alimeza yote. Siku ya tatu akasema hawezi tena kujua kama anasikia kiu au anasikia hofu.

Jumamosi asubuhi lilipigwa baragumu. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akachukua kamba ya ng'ombe, akajifunga kitenge kiunoni, akatoka, na mimi nikamfuata.

Wanaume walikuwa wamelizunguka gulio kama wanavyozunguka nguruwe wa porini, bega kwa bega, wanasogea ndani. Mbwa walikuwa katikati kwenye mabanda ya nyama. Sitakueleza kila kitu nilichokiona, ingawa nakikumbuka chote. Rungu likimpiga mbwa mbavuni linatoa sauti ya gunia la kahawa lililoangushwa. Walikuwa wanapiga na kupiga tena aliyekwisha kufa. Kulikuwa na jike lililokuwa linanyonyesha, likalala juu ya watoto wake, na wanaume wawili walilipiga kwa zamu mpaka hapakuwa na tofauti kati ya lenyewe na watoto. Mwalimu alikuwepo, shati lake jeupe la Jumapili limeingia madoa mpaka kwenye kola, anapiga bila kuangalia, analia. Nadhani alikuwa anawalilia mbuzi wake. Watu niliowaamkia kila siku walikuwa na nyuso nisizozijua.

Bibi alipita katikati yao. Alimwona kabla yangu, yule mwenye baka, amejibana chini ya meza ya mchinjaji, mguu mmoja umeshavunjika. Kijana mmoja alikuwa ameshainua rungu. Bibi alijitupa chini ya ile meza, na rungu likashuka juu ya mkono wake wa kushoto, nami nikasikia mfupa. Hakulia. Alimkumbatia yule mbwa, mbwa akamng'ata begani, naye hakumwachia, akapaza sauti ile ile ya kumwitia Watasema ale.

"Huyu ni wangu! Msimguse. Amezaliwa kwangu, nimemwunguza mwenyewe, nimemleta hapa mwenyewe. Ni wangu!"

Marungu yalisimama. Si yote, lakini ya karibu yalisimama. Mwenyekiti alikuja mbio akamwuliza kwa upole, akimwita mama kwa lugha yetu, "Mawe, una uhakika na unachokisema?" Bibi alimwambia kama anataka uhakika aje amsaidie kufunga kamba, yeye mkono mmoja haufanyi kazi. Tuliondoka tukimburuta mbwa amefungwa mdomo kwa kitenge cha bibi. Nyuma yetu marungu yakaanza tena.

Sasa elewa tulivyokaa siku zile. Mbwa alifungwa kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, amevunjika mguu, mbavu zimeingia ndani, anahema vibaya. Akifa kwa kipigo, hatutajua. Bwana mifugo alisema kifo ni kifo, hawezi kutofautisha. Kwa hiyo ilibidi tumponye. Bibi, mkono umefungwa vijiti na kutundikwa shingoni kwa kanga, alimkamulia maziwa. Mama mdogo ndiye aliyempikia mchuzi. Alikaa hatua chache kutoka kwake, mahali kamba isipofika, mguu wake wenye kidonda ameunyoosha mbele, na walikuwa wanatazamana. Mbwa anamtazama yeye, yeye anamtazama mbwa kooni, jinsi wanawake walivyomtazama yeye. "Kunywa," alimwambia. "Kunywa, shetani wewe." Mbwa alipolamba maji, mama mdogo naye alikunywa ya kwake. Jumatano mbwa alikataa maji kutwa nzima, akakaa amegeukia ukuta, mate yanamtoka. Mama mdogo aliingia ndani akavua hereni za uchumba wake, akazifunga kwenye kitambaa na kumpa bibi awarudishie wenyewe. Jioni mbwa akanywa. Bibi alikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe akalia kwa mara ya kwanza.

Wadai hawakungoja. Mwalimu alikuja na mwenyekiti siku mbili baada ya mauaji, wakakaa, wakaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama desturi, wakatafuna, wakasema wabeija, yaani asante, na wakaondoka na ndama. Wengine wakaja kwa ajili ya kahawa iliyokuwa juani. Bibi hakubishana hata na mmoja. Alimwambia mwalimu jambo moja tu, kwamba yule mbwa ana kifua cheupe. Mwalimu akasema vifua vyeupe viko vingi.

Jumapili ya pili ilifika na mbwa yuko hai, anatikisa mkia akimwona mama mdogo. Tulikwenda kanisani wote. Bibi alitoa shukrani mbele ya usharika, mkono umening'inia, mama mdogo akaimba mpaka sauti ikakatika, na mimi nikajua kwamba nitakula harusi. Tuliporudi tulimkuta yule mbwa pale pale nguzoni. Walikuwa wamempiga na kitu chenye makali. Alijitahidi kukimbia, kamba imemkata shingo mpaka ndani, ardhi yote imechimbwa kwa kucha mpaka kamba ilipoishia. Tulimfunga wenyewe, tukamfunga vizuri. Mwenyekiti aliuliza nani amefanya hivyo, akauliza tena gulioni. Hakuna aliyesimama. Bibi alimchimbia shimo kibanjani kwa mkono mmoja, na watu wakamcheka kwa kumzika mbwa.

Mama mdogo aliolewa, ana wajukuu, na juzi alinipikia ndizi na maharage nikala mpaka nikaona aibu. Lakini sijamaliza habari ya bibi.

Miezi haikupita mingi tukakuta gunia langoni. Linalia. Halafu jingine. Kama bibi amesema mbwa wa gulioni ni wake, basi ni wake, kwa nini watu wahangaike mpaka sokoni? Gunia la kwanza alilibeba kichwani mchana, akapanda nalo kwa mwalimu, akalifungua sebuleni kwake. "Hawa wamefanana na baba yao," alisema. Mwalimu alicheka, akawarudisha wote langoni kwetu kabla jua halijazama. Hatukuwa na ndama tena, maziwa yalikuwa yamekatika, Watasema mwenyewe alikuwa anakula kwa taabu. Bibi alikaa na lile gunia asubuhi nzima. Halafu akalibeba akashuka mtoni, hakuniruhusu kumfuata, na aliporudi alikuwa amelowa mpaka kifuani na gunia ni tupu. Aliligeuza akalianika kwenye uzio, mahali ambapo kila apitaye ataliona. Nilimwuliza kwa nini, nilikuwa nalia, nilikuwa namchukia. Aliniambia, "Hawa hawataumwa na njaa, wala hawatamwuma mtoto wa mtu."

Alifanya hivyo kwa kila gunia, miaka yote aliyobaki nayo, mchana, kwa ule mkono wake uliopinda. Baadaye walikuja watu wa kufunga vizazi vya mbwa na kuwachanja, na bibi alikuwa wa kwanza kumpeleka mbwa wake, Watasema, mzee hata meno hana. Kijiji kilimwita mkatili. Kwenye pombe, kwenye misiba, mchungaji mwenyewe alimkemea. Na walioimba wimbo huo kwa sauti kubwa zaidi ndio waliokuwa wanayaleta magunia.

Kibanja kile hakipo sasa. Mnyauko ulimaliza migomba, mibuni iling'olewa, mjukuu mmoja akauza. Ukipita hutajua kwamba hapo paliwahi kuwa na nyumba iliyofunikwa kivuli, na harufu ya maharage, na bibi anayeita mbwa wake kwa sauti ya kuwasuta watu. Nasikia watu wakimsema, wanasema alikuwa na moyo wa jiwe, na nakasirika mpaka leo, lakini sina la kuwaambia wakalielewa, kwa hiyo nimekuandikia wewe.

Bibi tulimzika Jumamosi. Jumatano iliyofuata, magunia yalirudi sokoni.